Endebess ndani ya Endebess

Tangu Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipoidhinisha somo la uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na sekondari, mabishano yetu Pwani yamekuwa juu ya vifaa: kompyuta ngapi, stima ipo au haipo, mwalimu yuko wapi. Ni mabishano ya haki. Lakini hata kompyuta ikifika na mwalimu akapatikana, kuna mahali ambapo aghalabu wanaoanza hukwama, na hapo hapazungumzwi.

Masomo ya mwanzo huenda vizuri. Mtoto anafundishwa orodha: maembe, mapapai, mananasi. Kisha anafundishwa kamusi, yaani ufunguo na thamani yake: embe, shilingi 20. Halafu linakuja somo la kamusi ndani ya kamusi, na orodha ndani yake tena, na darasa linanyamaza. Kwa maoni yangu kosa ni la mfano. Nani aliyewahi kuhitaji papai ndani ya embe?

Mfano unaofaa uko Endebess. Msomaji wa Likoni atauliza, sisi na Endebess wapi na wapi? Ni mji ulio chini ya Mlima Elgon, kaunti ya Trans Nzoia, karibu na mpaka wa Uganda, pande zile za mahindi. Tazama jina lenyewe. Endebess ni mji. Endebess ni eneo bunge, mojawapo ya matano ya kaunti hiyo. Na ndani ya eneo bunge hilo mna wadi tatu: Chepchoina, Matumbei na Endebess. Ukiambiwa "kura za Endebess ni kadha wa kadha", hujaambiwa kitu mpaka ujue ni Endebess ya ngazi gani.

Kompyuta haina shida na hilo, mradi umeipa njia kamili. Katika Python, lugha inayotumika sana kuwafundishia wanaoanza, wadi itaandikwa hivi:

kura["Trans Nzoia"]["Endebess"]["Endebess"]

Kila mabano ni mlango. Unafungua wa kwanza, unaingia, unakuta milango mingine ndani. Eneo bunge lote liko nyuma ya mlango wa pili, wadi nyuma ya wa tatu. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kompyuta: kina Ali ni wengi mtaani, ndiyo maana akaitwa Ali bin fulani bin fulani.

Na Pwani tunayo mafundo yayo hayo. Likoni ni eneo bunge na ni wadi. Kinango vilevile. Kaloleni ndiyo tamu zaidi: ni eneo bunge Kilifi, ni wadi ndani ya eneo bunge hilo, na ni wadi nyingine kabisa kule Voi, Taita Taveta. Mtu akiziandika wadi zote katika kamusi moja isiyo na ngazi, jina na idadi yake basi, kompyuta haitamgombeza. Itashika Kaloleni ya mwisho na kuifuta ya kwanza, kimya kimya, na jumla itatoka pungufu. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake mara moja, hatauliza tena ngazi ni za nini.

Chini ya wadi mna kituo, tuseme shule, na wapiga kura wakiwa wengi kituo hugawanywa vyumba. Vyumba hivyo ndivyo orodha. Mlangoni huandikwa kuanzia 1, lakini Python huhesabu kuanzia 0. Ukiomba [1] umepewa chumba cha pili, na hapo pia hutasikia lawama. Ukiandika "Transnzoia" kwa neno moja, kompyuta itakataa papo hapo kwamba ufunguo huo haupo, nawe utarekebisha. Ya kuogopwa ni yale makosa ya kimya.

Haya si mazoezi ya darasani tu. Agosti 2022 IEBC iliweka mtandaoni Fomu 34A za kura za urais, kutoka vituo zaidi ya 46,000, zikiwa zimepangwa kwa ngazi hizi hizi. Kila Mkenya mwenye intaneti aliweza kuingia. Vyombo vikubwa vya habari vikajumlisha, kila kimoja kwa mpangilio wake, takwimu zikapishana, na sisi wengine tukakaa mbele ya televisheni tukichagua ya kuamini. Tena fomu zenyewe zilikuwa picha. Ilibidi mtu asome kila moja na kuingiza tarakimu kwa mkono. Kazi hiyo yataka watu wa mahali penyewe, wanaojua shule fulani ina vyumba vinne na si vitatu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Wakati upo. Mwalimu wa Endebess aanze na wadi zake tatu ubaoni, kwa chaki. Haihitaji hata stima. Mwalimu wa Faza aanze na Lamu Mashariki, nayo ina tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Kisha madarasa hayo mawili yabadilishane kazi na kujaribu kuziunganisha ziwe kamusi moja. Watagundua kwamba mmoja ametanguliza kaunti na mwingine ametanguliza wadi, na itabidi wapatane kabla ya kuendelea.