Gari la Sinema na Gari la Werugha

Ukiniuliza gari gani la sinema halinitoki moyoni, nitakujibu: lile la “Hatari!” ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, upande wa Arusha. John Wayne ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele, kando ya injini, na gari lamfukuza kifaru mbugani. Aston Martin ya “Goldfinger”, ya 1964, ina bunduki na kiti cha kumrusha abiria, lakini vumbi la “Hatari!” ni la kwetu.

Kisa changu ni kimoja. Jina la sinema ni la lugha yetu, mashujaa ni wageni. Wenyeji ni wasaidizi tu.

Juzi nilikuwa Werugha, milimani Taita, mvua imeshiba. Land Rover kuukuu ikateremka na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Dereva alisimama, akapima tope kwa mguu, akapita polepole. Hapakuwa na muziki wala bunduki, na moyo wangu haujapata kudunda vile sinemani.

Enyi watengenezaji sinema wetu, shujaa ndiye huyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.