Mashua ya Uani

Mzazi mmoja wa Usagara, karibu na Mwanza, atuuliza kama ni vyema kumwacha kijana wake ajenge mashua ya mbao uani kwa mkono wake. Twamjibu: ni vyema sana, ila na apime kwanza upana wa mlango wa ua. Tumepata kuona chombo kizuri kikitolewa kwa kubomoa ukuta.

Kazi hii si ngeni katika Ziwa Viktoria. Waganda na watu wa visiwa vya Sese walishona mbao kwa nyuzi za miti juu ya mkuku wa gogo moja, kama watu wa Lamu walivyoshona mitepe yao. Zilivuja, hata ilipasa mtu awepo wa kufua maji. Kisha mfanyabiashara Mwarabu, Songoro, akajenga jahazi Ukerewe, katika nchi ya Mtemi Lukonge. Wamisionari wa Kiingereza wakalinunua, kumbe mtemi adai kuwa hajalipwa haki yake. Katika ugomvi huo, Desemba 1877, wakauawa Songoro mwenyewe na wamisionari wawili, Smith na O'Neill. Basi kijana na awalipe wenye mbao kabla hajapiga msumari wa kwanza.

Mvule ndio mti bora, maana hauozi upesi, ingawa bei yake yaumiza. Mkuku hulazwa kwanza, yakafuata mataruma, kisha mbao. Lakini roho ya chombo ni kalafati. Pamba, ambayo Usukuma wailima kwa wingi, husokotwa na kupigwa katika maungio kwa patasi butu. Ikilegea, maji yaingia. Ikikazwa mno, mbao zikivimba majini husukumana na kung'oa misumari. Hapo hapana kanuni ila mkono uliozoea, kwa hiyo kijana na akae kwanza miezi kadhaa kwa fundi.

Jambo moja twalijua kwa machungu. Zamani tulinunua mtumbwi uliopakwa rangi ya kijani ya kupendeza. Chini ya rangi mlikuwa na ufa uliojazwa lami. Tulikuwa na watoto wawili ndani, mbali na pwani, lami ilipobanduka. Tulifua maji kwa sufuria ya uji mpaka tukafika. Aliyetuuzia hatumtaji, huenda hata leo aiona ile kuwa biashara njema. Bwana Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umande chini, alimkemea mwenyewe kwa kuuficha, na ule ulikuwa umande wa chakula tu.

Kwa hiyo baba akague kila ubao kabla haujapakwa kitu. Ubao wenye ufa utolewe, hata ukiwa umekwisha kupigiliwa, na kijana akikasirika na akasirike. Chombo kikiisha, kilale usiku kucha katika maji ya magotini, mbao zipate kuvimba. Asubuhi baba achungulie ndani yeye mwenyewe, tena apande yeye wa kwanza, na boya kifuani na ndoo mkononi; mama na wadogo wakingoja nchi kavu.