Mtandao Uwakutanishe Wanafunzi wa Afya Kazini

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Dar es Salaam aweza kuhitimu bila kuyafahamu maisha ya mkulima wa Nanyamba, mkoani Mtwara, ambaye huenda kesho akawa mgonjwa wake.

Chukulia mfano wa mama mwenye shinikizo la damu aliyekosa kliniki kwa miezi mitatu. Kwa aliye mbali, ni rahisi kuandika katika faili lake kwamba "hafuati maelekezo". Mwanafunzi wa uuguzi aliyelelewa Nanyamba angelisoma faili hilo vingine. Fedha ya korosho huja kwa msimu, baada ya minada ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mwaka 2007. Miezi mingine hata nauli huwa mtihani. Tena Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani, na mzigo wa kuyatafuta huwaelemea zaidi wanawake. Kilichodhaniwa kuwa ukaidi kumbe ni ufukara. Hapo tiba nayo hubadilika: mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na miadi hufuata kalenda ya shamba.

Wanafunzi hawa wawili wanaweza kukutana leo kwa simu zao. Hata hivyo, kukutanishwa kwa salamu na picha hakutoshi. Pengine huzidisha dharau. Wapewe mgonjwa mmoja wa mfano, waandike mpango mmoja wa matibabu na wapate alama moja. Wa Nanyamba asigeuzwe mtoa habari tu. Aongoze panapohusu maisha ya mgonjwa. Naye ajifunze kwa mwenzake jinsi msongamano wa hospitali za rufaa unavyomnyima daktari nafasi ya kusikiliza.

Gharama ya vifurushi isibebwe na mwanafunzi maskini, na ujumbe wa maandishi au sauti ukubalike pale intaneti inapolegea. Wakijadili mgonjwa halisi, ridhaa yake itangulie, na jina wala sura yake visionekane. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya.

Mafanikio yasipimwe kwa idadi ya vikao. Yapimwe siku mhitimu atakapokaribia kuandika "hafuati maelekezo", kisha akaiweka kalamu chini na kumuuliza mgonjwa: "Mama, ni kitu gani kilichokuzuia kuja?"