Kujitolea Nje Kusiwe kwa Wageni Tu

Makamanda, nendeni Moshi au Arusha, mtawakuta vijana wa Kizungu wamekuja kujitolea. Wanafundisha, wanajifunza Kiswahili, wanakula ugali kwa mkono, wanarudi kwao wakiwa na akili iliyofunguka. Sina ugomvi nao, karibuni sana. Swali langu ni moja: sisi je?

Nafasi zipo. Mpango wa weltwärts wa Ujerumani ulianza 2008 kwa kuwatuma vijana wao huku kwetu. Tangu 2013 unapokea pia vijana wa nchi kama zetu waende kujitolea kule. Ila kabla ya yote unatakiwa uwe na pasipoti, Sh 150,000. Mtoto wa mama ntilie aitoe wapi? Na ukienda kuiomba unaulizwa: unasafiri kwenda wapi, barua ya mwaliko iko wapi?

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi. Kwa bei hiyo, haki hii inabaki ya wenye nacho.

Viza wanapanga wao. Pasipoti tunapanga wenyewe. Tudai nusu ada kwa wanafunzi na vijana wasio na ajira, na kigezo kiwe uraia, siyo safari. Iingie kwenye ilani yetu.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea kama baba yako ana hela.