Akina mama, rudini kwenye mpira wa pete
Na Tumaini Shekimweri

Wanawake wengi wa rika langu walicheza mpira wa pete shuleni, na wengi wakauacha siku walipomaliza kidato cha nne. Kaka zao walipoacha soka la shule walikuta timu ya maveterani mtaani, wakaendelea kukimbia kila Jumapili mpaka mvi zikawaota, na hakuna anayewauliza wanatafuta nini uwanjani. Dada aliyekuwa mfungaji (GA) wa kutegemewa kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, akitamani kucheza leo, ataulizwa watoto amemwachia nani. Jambo hili linaniudhi, kwa sababu naona tunachomnyima.

Hebu tazama vikundi vya mwanamke wa mjini aliyevuka miaka thelathini. Ana kikoba, ana kamati ya harusi, ana jumuiya ndogo ndogo au darsa la msikitini, ana umoja wa ukoo. Ninavithamini; bila vikundi hivyo misiba mingi ingetushinda. Lakini karibu kila kimoja kina daftari la michango, na kila anayeingia huingia na nafasi yake: mama fulani, mke wa fulani, mweka hazina, mdaiwa. Timu ya mpira wa pete, kwa upande wake, inakutaka tu ufike saa kumi jioni ukiwa umevaa raba. Wewe uliyechelewesha rejesho na yule aliyekukopesha mnavaa vizibao vya rangi moja, na yeye anaisubiri pasi yako.

Katika kuhitajiana huko, mpira wa pete unaizidi michezo mingi niijuayo. Kila upande una wachezaji saba, na herufi zilizo kifuani zinaeleza kila mmoja anaruhusiwa kukanyaga wapi. GS na GA pekee ndio wafungaji. Mlinda goli, GK, habanduki theluthi yake ya nyuma. Ukidaka mpira una sekunde tatu tu. Hukimbii nao, hudundi ukisonga mbele, na huruhusiwi kuurusha ukavuka theluthi nzima ya uwanja bila mtu kuugusa njiani. Kwa hiyo awe fundi kiasi gani, hakuna awezaye kuutoa mpira nyuma akaenda kufunga peke yake. Mwanamke anayepika, kufua na kukagua madaftari ya watoto, kisha ofisini akamalizia kazi za wenzake, anapata saa moja ambayo sheria inamkataza kubeba kila kitu. Lazima auachie mpira, na lazima amwamini atakayeupokea. Sijui sehemu nyingine ya maisha yetu inayomfundisha hivyo kwa vitendo, robo nne za dakika 15 kila moja.

Kuna pia jambo la kusahihishwa. Mtu mzima akiambiwa amekosea kazini, anahofia cheo. Akiambiwa nyumbani, ni ugomvi. Uwanjani, meneja wa benki anaelekezwa na binti anayeuza mitumba kwa kuwa binti huyo ndiye C, mchezaji wa kati, na anaona uwanja wote. Meneja anaitikia, anarudi nafasi yake, mchezo unaendelea. Wakifungwa, wamefungwa wote.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Ukiwa peke yako ni rahisi kuahirisha. Ukijua wenzako sita watapungukiwa usipofika, unatoka.

Tahadhari ipo, na naisema kwa msisitizo. Mchezo huu hukata mwendo ghafla: ukidaka mpira unatakiwa kusimama, na uzito wote unashukia goti na kifundo cha mguu. Aliyekaa miaka bila kucheza atangulize wiki kadhaa za kutembea haraka, na kujifunza upya kuruka na kutua akiwa amekunja magoti. Mwenye presha au aliyejifungua karibuni amwone daktari kwanza.

Wabunge wetu wana Bunge Queens, timu ya mpira wa pete inayocheza mashindano ya mabunge ya Afrika Mashariki. Watumishi wa wizara wana michezo ya SHIMIWI. Wanashangiliwa, tena kwa haki. Mama lishe, muuguzi na mwalimu wa chekechea wanastahili heshima hiyohiyo katika mtaa wao.

Gharama si kubwa. Uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, mistari ya chokaa au hata majivu, nguzo mbili zenye pete futi kumi kutoka ardhini, na mpira. Shule nyingi za msingi zina uwanja huo, nao Jumamosi jioni unakaa bure. Walimu wakuu, fungueni mageti. Watendaji wa mitaa, waandikieni barua wanaoomba. Na akina baba, jioni hiyo kaeni na watoto, na chakula cha usiku kipikwe na aliyebaki nyumbani.