Risasi Zinapoadimika, Tuombe Nini?



Liko swali moja ambalo hutufanya sisi wa Haki na Amani tuinamishe macho. Katika mabaraza ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, baada ya sala na baada ya hotuba za wakubwa, husimama mtu mzima, baba wa watoto, wala si mhalifu, akauliza: upungufu huu wa risasi utakwisha lini? Hatafuti vita. Mifugo yake iko kisimani, na jirani anayemhofia angali na risasi za kutosha.

Ni rahisi kwetu kumjibu kwamba upungufu huo na usiishe kamwe. Tunaamini hivyo. Lakini anayetoa jibu hilo huku akilala nyuma ya ukuta wa misheni hana budi kulifikiri mara mbili kabla ya kulitamka.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Bunduki ni chombo cha kudumu, lakini risasi ni kama unga: ikitumika imekwisha. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi na wafugaji wa Karamoja wakachukua silaha zilizokuwamo. Bunduki ya wakati ule, ikitunzwa vema, yaweza kufyatua hata leo. Risasi zilizotoka pamoja nayo ziliisha zamani. Wala hakuna fundi wa kijijini awezaye kuziba pengo hilo. Mhunzi aliweza tangu zamani kutengeneza gobole, lakini risasi ya bunduki ya kisasa yataka ganda la shaba lililopimwa kwa usahihi mkubwa, baruti isiyotoa moshi, na fataki, yaani kile kifuniko kidogo kitakoni kiwakacho kinapogongwa. Wako watu katika nchi tajiri wanaojaza upya maganda yaliyotumika, lakini hao huvinunua vifaa vyao dukani. Bondeni Suguta hakuna duka la namna hiyo. Kwa hiyo kila risasi iliyomuua mchungaji wetu ilitoka kiwandani, ikapita ghalani, ikapita mikononi mwa watu wenye majina na vyeo.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa shirika la Small Arms Survey la Geneva juu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Watafiti walisoma alama zilizogongwa kwenye vitako vya risasi, ambazo huonyesha kiwanda na mwaka. Walikuta herufi KOFC, alama ya kiwanda cha Serikali cha Eldoret, kilichojengwa miaka ya 1990 kwa ufundi wa kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozagaa huko zilifanana na zile za maghala ya Serikali yenyewe, na kwamba polisi walikuwa wakiwagawia wafugaji ili wajilinde. Hatusemi kwamba kila askari aliyefanya hivyo alikuwa na nia mbaya. Kituo chenye askari wachache na gari bovu, mpakani mwa nchi tatu, hushawishika kuwaachia wanakijiji kazi ya ulinzi. Ila risasi haina kiapo. Iliyotolewa asubuhi kwa ulinzi yaweza kubadilishwa jioni kwa mbuzi au pombe.

Hata upungufu wenyewe hauwagusi wote sawasawa. Bunduki ya G3 ya polisi na ile ya Kalashnikov zote zina mdomo wa milimita 7.62, lakini ganda la risasi ya G3 lina urefu wa milimita 51 na la Kalashnikov 39. Ya hii haiingii katika ile. Hivyo chakula cha G3 hutoka ndani ya nchi, na cha Kalashnikov hupita njia za panya kutoka penye vita. Manyatta moja yaweza kukaukiwa ilhali ya pili, ng'ambo ya lugga, haina shida hata kidogo.

Sasa tumjibu mzee wetu: utakwisha lini? Hukoma nyumba ya jirani inapoungua. Jeshi likisambaratika, kama lilivyogawanyika la Sudan Kusini Desemba 2013, au vita vikiwaka kama vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, silaha hazibaki ndani ya mipaka. Hukoma pia askari wanapouawa. Novemba 2012, karibu na Baragoi, askari zaidi ya 40 waliokwenda kufuatilia mifugo iliyoibwa waliuawa bondeni, na silaha zao zikaangukia mikononi mwa wavamizi. Anayeomba risasi zipatikane kwa wingi anaomba mambo ya namna hiyo, ajue asijue.

Lakini, na hapa ndipo penye ugumu, uhaba wa upande mmoja si amani. Karamoja, kampeni ya kukusanya silaha ilipoanza Desemba 2001, waliozitoa kwanza walivamiwa na wasiozitoa. Hapa Kenya, mwaka 2019, polisi wa akiba walirudisha bunduki za Serikali, na vijiji vingi vikabaki bila mlinzi. Baadaye Serikali ikalazimika kuwaajiri na kuwapa silaha upya. Kumwambia mtu wa kijiji kama hicho kwamba umaskini wake wa risasi ni baraka ni kumdhihaki.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha ona mwaka 1965 kwamba mashindano ya silaha huwaumiza zaidi maskini. Mataifa, hata hivyo, yalichelewa kuitazama risasi. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001 juu ya silaha ndogo ulijishughulisha na bunduki, ukaiacha risasi kando. Mkataba wa Biashara ya Silaha wa mwaka 2013 ndio ulioigusa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizousukuma tangu mwanzo. Miaka 10 baadaye Kenya ilikuwa bado haijautia sahihi. Tungependa kuelezwa sababu.

Hayati Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki mwaka 2017, alituachia njia ya kuwaketisha wagomvi kidogo kidogo na kuwapa kitu cha kushirikiana: shule, barabara, josho. Njia hiyo twaifuata. Lakini josho la pamoja halidumu ikiwa upande mmoja unapata risasi usiku kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo hatuombi operesheni nyingine ya helikopta na viboko. Tunaomba silaha zikusanywe pande zote za mpaka kwa wakati mmoja, na askari wakae kisimani kabla ya bunduki kuondolewa, si baada. Na tunaomba daftari. Kila polisi wa akiba anayepewa risasi aandikwe idadi na alama zake, akifyatua, arudishe maganda, yasiporudi, aeleze. Daftari hilo lisomwe kila mwezi katika baraza la chifu, mbele ya akina mama, maana wao ndio wanaozika. Katika vigango vyetu vidogo kabisa, sadaka ya Jumapili iliyopita husomwa mbele ya waamini hadi shilingi ya mwisho, hata ikiwa ni 340, na katekista asiyeweza kuieleza haendi nyumbani kwa raha. Hatuoni kwa nini risasi zihesabiwe kwa uangalifu pungufu ya huo.