Mbegu ya mti haiokotwi, inakusanywa



Msimu wa kuandaa vitalu ukikaribia, simu za vijana zinakuwa nyingi, na swali kubwa ni hili: "Afisa, mbegu za miti ninunue au nikusanye mwenyewe?" Jibu langu ni kwamba inategemea ni mti gani. Lakini kwa vyovyote vile, usiokote. Kuokota na kukusanya ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Ukikosea mbegu ya mahindi unajua ndani ya miezi michache, msimu ujao unabadilisha. Ukikosea mbegu ya mti, unakuja kugundua baada ya miaka 7 au 8, shamba likiwa limeshakula hela ya palizi na ya barabara za kuzuia moto. Miti imepinda, ina matawi chungu nzima, mnunuzi wa mbao anaipita anaenda kwa jirani. Hapo huwezi kung'oa ukaanza upya kirahisi.

Sasa tuangalie hesabu. Ukipanda misindano kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche kama 450. Tuseme unasia mbegu mara mbili ya hiyo ili kufidia zitakazogoma kuota, yaani 900. Kilo moja ya mbegu za msindano aina ya patula ina mbegu zaidi ya laki moja. Kwa hiyo ekari yako inahitaji mbegu zisizofika hata gramu 10! Kijana anayekwepa gharama ya gramu 10 kwenye zao la miaka 15 na zaidi hajabana matumizi. Amejikopesha hasara.

Msimamo wangu ni huu. Kwa misindano, mitiki na mikaratusi (milingoti kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini), nunua mbegu yenye asili inayojulikana. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana kituo cha mbegu za miti pale Morogoro. Agiza mapema, usisubiri wiki ya kusia. Na kwenye mikaratusi chotara naomba mnisikie vizuri: usichukue mbegu kwenye shamba la chotara hata kama miti yake imenyooka kama nguzo. Ni sawa na kurudia mbegu ya mahindi chotara. Watoto watatoka mchanganyiko, mmoja mrefu, mwingine kibeti.

Miti ya asili na ile ambayo mbegu zake hazikai, hiyo kusanya mwenyewe. Ila fuata utaratibu.

Kwanza, chagua mama. Watu wengi wanapanda mti mfupi wenye matawi ya chini kwa sababu ni rahisi kuupanda. Matokeo yake wanachagua tabia ileile wasiyoitaka shambani. Tafuta miti iliyonyooka, yenye afya, iliyokomaa. Usikusanye kwenye mti mmoja; lenga miti 15 hadi 30, iliyoachana mita 50 na zaidi, kwa sababu miti iliyosogeleana mara nyingi ni ndugu. Shamba lililotokana na mama mmoja ni ukoo wa ndugu watupu, na kesho wakichavushana wenyewe kwa wenyewe, kizazi kinachofuata kinadhoofika. Usiingie msitu wa hifadhi bila kibali.

Pili, jua wakati. Mgrivelea ukichelewa siku chache tu vikonyo vinapasuka na mbegu zinapeperuka. Vuna vikianza kuwa kahawia kabla havijafunguka. Mwarobaini subiri tunda liwe la njano. Tunda bichi linatoa mbegu changa isiyoota.

Tatu, kausha kwa akili. Nimeona mbegu zimeanikwa juu ya bati saa saba mchana. Hiyo ni kuzikaanga! Tandaza kwenye chekecheke au mkeka, kivulini, penye hewa, na uzigeuze. Mbegu za matunda yenye nyama, kama mwarobaini na mzambarau, toa nyama na uoshe kwanza, maana nyama ikibaki inachacha na kuua kiini.

Nne, tofautisha mbegu zinazokaa na zisizokaa. Lusina, migunga, mitiki na misindano zikikauka vizuri zinatunzika muda mrefu. Weka kwenye chombo kikavu kinachobana, kijae hadi juu ili hewa isibaki nyingi, na ukihifadhi mahali pa baridi. Chambua zilizotobolewa na wadudu kabla ya kufunga. Lakini mwarobaini na mzambarau hazina subira. Zisie ndani ya wiki mbili tangu uzikusanye. Anayekuuzia mbegu za mwarobaini za mwaka jana anakuuzia takataka.

Tano, mbegu ngumu zinahitaji kuamshwa. Lusina na migunga: chemsha maji, epua, mimina mbegu, ziache humo mpaka maji yapoe na zilale hadi kesho yake. Usizichemshe zikiwa jikoni. Mkongo: kwangua au kata kidogo ganda upande ulio mbali na ile kofia nyekundu, kisha loweka. Mtiki: loweka usiku, anika mchana, rudia kwa wiki moja hadi mbili.

Mwisho, andika. Jina la mti, mahali, tarehe, idadi ya miti mama. Kisha chukua mbegu 100, zisie pembeni, hesabu zinazoota. Zikiota 40, unajua usie kiasi gani, na kama unauza, mteja anajua ananunua nini. Na hapa naiona biashara. Vijana wengi wanauza miche, ila mwenye daftari la kuonyesha miche yake imetoka kwa mama gani ni wa kutafuta kwa tochi. Mteja anayepanda ekari 20 atakuja kuuliza swali hilo tu. Mwenye jibu ndiye atakayepanga bei.

Kabla ya kununua viriba mwaka huu, tenga siku mbili za kutembelea miti mama. Ifunge kitambaa, iandike namba, na uanze kufuatilia maua yake.

Tukutane shambani.